Mikono Chini ya Mapaja

Wewe unayenisikiliza, usiogope jina koncheto. Ni chombo kimoja kinachozungumza mbele ya orkestra nzima. Katika zile za Wafaransa, za enzi ya filimbi za mbao, kuna mahali orkestra inasimama na filimbi inabaki peke yake. Inacheza ipendavyo, halafu inatetemesha noti mbili jirani, kwa muda mrefu. Mtetemo huo ni wito: rudini.

Binti yangu, niliyemfundisha filimbi mwenyewe, alitakiwa kucheza koncheto ya namna hiyo ili apate nafasi ya bure katika shule ya muziki. Hatukuwa na njia nyingine ya kumsomesha.

Orkestra hatukuwa nayo. Tulikuwa na mpiga kinanda wa kanisa letu la Wakongo huku La Rochelle, Ufaransa, mtu mwenye sikio kali na moyo mkubwa. Shida ni kwamba kanisani kwetu kinanda hakinyamazi. Mchungaji akivuta pumzi tu, kinajaza pengo. Basi kila filimbi ilipobaki peke yake, vidole vyake viliingia.

"Tonton, pale uniache," binti yangu alimwambia; Tonton ni mjomba kwa Kifaransa, ndivyo alivyomwita.

"Mama, nikinyamaza watu watazani umeme umekatika," akamjibu, akimwita mama kama tunavyowaita mabinti zetu.

Hatukucheka. Mtihani ulikuwa kesho yake. Nilimweleza tena, polepole. Mwishowe nikamwambia, "Ikalie hiyo mikono."

Akaikalia kweli. Kesho yake, mbele ya watahini, filimbi ilibaki peke yake, safi, kwa mara ya kwanza. Ukaja mtetemo. Mikono ikabaki chini ya mapaja. Mpiga kinanda alikuwa amefumba macho, akiogopa kuharibu. Binti yangu akazidi kutetemesha, pumzi ikimwishia, nami nikitazama kupitia kioo cha mlango, nisiweze hata kukohoa. Sauti ikakatika. Kimya. Ndipo kinanda kikaingia.

Nafasi akapewa mwingine.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa teksi, tayari tukijua, yule mpiga kinanda aliinamia magoti yake. Binti yangu akamgusa bega. "Nilijua utarudi, Tonton. Pumzi ndiyo iliniishia."

Kwa hiyo, siku utakapoisikiliza koncheto kama hiyo, orkestra ikisimama, nyamaza nayo. Lakini fumbua macho, mwangalie mpiga filimbi mpaka atetemeshe.