Ghala Lilijaa Kwenye Simu

Jamani, ukweni sijakanyaga tena, na sidhani kama nitakanyaga.

Mie nina mji wangu kwenye gemu ya simu, na watu wake walikuwa wanakufa njaa. Kila nikilima, wanazaana. Katikati ya balaa hilo tukafiwa na babu yake mke wangu, kule Goba. Wanaume walipokwenda kuzika, baba mkwe akaniachia ufunguo wa stoo na kazi moja tu: mchele ukikaribia kuisha, niagize mwingine dukani. Msibani hualiki mtu, wanakuja tu.

Nikakaa mlangoni, nikatoa simu. Nikahamishia wavuvi wangu wote mashambani. Shangazi wa mke wangu akaja kutoka jikoni.

"Baba Nasra, mchele wa kuongeza upo? Watu wamejaa, nataka niwape waliopo kwanza."

Sikuinua hata kichwa. Ghala langu ndiyo kwanza limejaa.

"Upo mwingi, shangazi! Wape washibe!"

Akapakua mpaka ukoko.

Waliokwenda kuzika wakarudi, wakanawa, wakakaa mkekani kusubiri wali. Nikafungua stoo, nikakuta mkaa na vitunguu. Baba mkwe akanisogelea, kanzu yake ina udongo wa kaburi.

"Mwanangu, mchele uko wapi?"

Kabla sijafumbua mdomo, simu ikalia mfukoni, matarumbeta na vigelegele. Mji wangu ulikuwa unasherehekea mavuno.