Hela Iliyolala Kwenye Ugoro

Mume wangu alikuwa na hela moja ya shaba ambayo hakutaka kuitumia. Aliipata kwa kubeba mizigo ya Wajerumani hadi bomani Songea, akaitumbukiza katika kibuyu chake cha ugoro. Nilimcheka, nikamwambia hela ni ya kununulia chumvi. Baada ya masika mawili ilikuwa na rangi ambayo hela za wenzake hazikuwa nayo: katikati kahawia nzito, pembeni buluu inayoelekea kijani. Ni magadi ya ugoro yaliyofanya hivyo, pamoja na unyevu na jasho la vidole vyake. Shaba ndivyo ilivyo, hushika rangi ya pale inapolala.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu alinyunyiziwa dawa kama wengine, akaondoka. Kibuyu aliniachia. Baadhi ya wenzake walirudi, wengine tuliletewa habari zao. Yeye hakuna aliyemwona akianguka.

Kisha Wajerumani wakachoma maghala, njaa ikaingia. Nyumbani kwetu msiba haufungwi bila pombe ya ulezi, na siku hiyo vitu vya marehemu husuguliwa kabla ya kugawiwa. Ulezi haukuwepo. Wote tulilia njaa, ila moyoni nilijipa moyo kwamba maadamu hakuna ulezi, mume wangu hajafa. Jioni nilikuwa naitoa hela, naigeuza, nainusa. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Mwaka ulezi ulipokubali, nilirudi kutoka shambani Mshangano nikamkuta mama mkwe uani, mtungi wa pombe kando yake. Alikwisha kusugua jembe na kigoda cha mwanawe. Sasa alikuwa na ile hela ya kibuyuni, anaisugua kwa mchanga na machicha ya pombe. Uchachu ulikuwa umekula rangi yote, imebaki nyekundu kama imetoka kiwandani leo.

“Mama, hiyo unaiosha ya nini?”

“Imeota ukungu, mwanangu. Na yeye tumemngoja vya kutosha.”

Hasira zilinipanda, nikanyoosha mkono nimpokonye. Ndipo nikaona bado anasugua hela iliyokwisha kutakata. Nikaketi karibu naye.

Wakati wa kugawana niliomba hela hiyo tu. Niliirudisha kibuyuni, lakini ugoro ulikuwa umekwisha, na mimi siutumii. Buluu haikurudi tena. Imekuwa nyeusi, kwa jasho la vidole vyangu peke yangu.