Kiti Kilichokaza Meru

Mama alitaka kitu kimoja tu: kuinuka mwenyewe. Magoti yalikuwa yamemgomea, na kila akitaka kwenda choo au kuota jua, ilibidi shemeji yangu, mke wa ndugu yangu mkubwa anayekaa naye kule Ishiara, amshike kwapani na kumvuta. Mama alichukia kushikwa kwapani. Alisema akipata kiti kirefu kidogo, chenye mikono imara ya kusukumia, hatamsumbua mtu.

Nikajitolea. Mimi ni mtu wa ofisini hapa Meru, useremala naufanya Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa. Kazi nilizokuwa nimemaliza ni stuli mbili na rafu moja iliyoinama. Lakini mimi ni mbishi, tena wa kupenda sifa. Ishiara sokoni kuna mafundi wa kweli, na sikutaka hata kusikia habari zao.

Mbao za mukima, ule mti unaopandwa mashambani huku, nilizitoa Kiirua. Mzee wa mashine ya kupasulia aliniuliza ni za nini, nikamwambia. Akabonyeza ubao kwa ukucha. "Hii bado mbichi. Ipange, weka vijiti katikati hewa ipite, ingoje miezi sita. Na kama kiti kinaenda Ishiara, ikaukie huko huko. Joto la huko si la hapa." Nikamwitikia ndiyo mzee, na kesho yake nikaanza kupiga randa. Mama alikuwa anangoja. Miezi sita ningeitoa wapi?

Nilifanya kazi safi, hilo nitalisema. Nilichimba matundu kwa patasi, nikachonga ndimi za kuingia humo, zikabana mpaka nikazigongea kwa nyundo ya mbao. Nikatia gundi, nikakaza kwa kamba, nikapiga msasa mara tatu. Nikakikalia na uzito wangu wote, nikajitikisa. Kimya. Nikakifunga juu ya gari nikashuka nacho Ishiara.

Mama akakaa. Akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akasukuma, akasimama. Akacheka. "Sasa huyu ndiye baba yangu," akasema. Nilipewa jina la baba yake, kwa hivyo tangu utotoni ananiita baba, na huyo babu alikuwa mchongaji wa viti vya miguu mitatu. "Ila baba alikuwa anatoa kiti kizima kwenye gogo moja. Hakikuwa na pahali pa kulegea."

Baada ya wiki tatu shemeji akapiga simu. Kiti kinacheza. Nikakirudisha Meru, nikakiweka barazani wiki mbili za ukungu na manyunyu. Nilipokipima, hakikucheza hata kidogo. Nikakasirika, nikampigia. "Shemeji, mnakiburuta. Kiti hakina ubaya." Nikampelekea vilevile. Kikacheza tena, nikakichukua tena, na Meru kikakaza tena, nikakirudisha kwao. Mjinga ni mimi. Kiti kilikuwa kinaugua joto, na mimi nakipimia kwenye baridi. Unyevu wa huku ulivimbisha zile ndimi zikajaa kwenye matundu, jua la Ishiara likazinyausha zikapwaya. Mara ya tatu sikupigiwa simu.

Mara ya tatu mkono wa kulia wa kiti ulichomoka mama akiwa nusu amesimama. Nilimkuta hospitalini, mfupa wa paja umevunjika juu karibu na nyonga. Nikamgeukia shemeji, kwa nini hukuniambia kinacheza? Akanijibu bila kuinua sauti. "Mama alikataa. Alisema utasema tena tunakiburuta."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Hakuna aliyetuambia guu lenyewe linaweza kuwa la mtu mwingine.

Basi nikafanya alivyosema mzee wa Kiirua, wakati haikuwa na maana tena. Mama aliporudishwa nyumbani, nilipanga mbao mpya chumbani kwake, kando ya kitanda, vijiti katikati. Zikakaa miezi sita. Mama alilala akizitazama zikikauka, na yeye anakonda pamoja nazo. "Zimeiva?" ananiuliza kila nikifika. "Bado, mama." Mfupa haukuunga vizuri. Nilijua, naye alijua, na tukaendelea kungoja mbao kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kungoja.

Kiti cha pili nilikitengenezea hapo hapo uani. Nikakiacha mwezi mzima kwenye joto lile, na hakikutoa hata mlio. Ndipo tukambeba mama, shemeji huku na mimi huku, tukamkalisha. Akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akasukuma. Niliona mishipa ya shingo imemtoka. Akasukuma tena, akapumzika, akasukuma. Kiti kilitulia tuli, na yeye hakuinuka hata upana wa kidole kimoja.

Akapapasa kile kiungo cha mkono wa kulia, mahali ambapo kile cha kwanza kilimwangushia. "Pamekaza, baba," akasema. "Kiti hakina ubaya."

Kisha akainua mikono yote miwili, akaniachia kwapa nimvute.