Fundi na Kipande cha Mlango wa Benki

Fundi huyu wa kuchomelea ana karakana nyuma ya nyumba yake, kwenye uwanja wa saruji uliojaa madoa ya oili. Hutengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma. Zamani aliitwa kuziba tundu ambalo majambazi walikuwa wamelikata kwa gesi kwenye mlango wa chumba cha fedha cha benki, katika wizi ambao mpaka leo vijiweni unasimuliwa kama mechi ya fainali. Polisi walipomaliza kazi yao, benki ilimwambia akitupe kile kipande kilichokatwa. Hakukitupa. Akawa ananyooshea nondo juu yake.

Chumba cha uani anaishi shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa mlinzi wa zamu wa benki usiku wa wizi ule. Alipowafuma, waliacha kukata, wakampiga kwa mtaimbo, wakamvunja nyonga, kisha wakarudi kukata. Tangu hapo anatembea kwa fimbo. Wasimulizi wa vijiweni wanajua majina ya utani ya majambazi wote. Mlinzi wakimtaja, ni kwa kuchekesha watu.

Mwaka jana alikuja bwana mmoja anayekusanya kumbukumbu za wizi huo. Kwenye kabati lake la kioo alikuwa na glavu za majambazi hao na ufunguo wa gari lao. Alipokiona kile chuma, matone ya kuyeyuka yakiwa bado yameganda ukingoni, alikipapasa kama kitoto kichanga. Bei aliyotaja ingempatia fundi mashine mpya ya kuchomelea, na ile aliyokuwa nayo ilikuwa inazimika katikati ya kazi. Wakapatana aje kukichukua Jumamosi.

Shemeji hakufoka. Alisema tu kwamba siku chuma hicho kitakapokwenda kushangiliwa, naye ataondoka, akaanza kukunja nguo. Dada yake akambembeleza: ni chuma tu, kaka, hakina kosa.

"Wangenikata na mimi kipande," alijibu, "leo ningekuwa na bei."

Mke alimfikishia mumewe maneno hayo. Fundi akasema neno lake ameshalitoa, mashine inakata roho, na shemeji atazoea. Hapo simtetei. Mwenye jeraha alikuwa chini ya paa lake, naye aliwaza mashine.

Kesho yake akafanya kosa ambalo ni fundi tu angelifanya. Chuma hakitoki kwake kikiwa na meno, mteja asije akajikata. Aliwasha grenda, akasaga ukingo wote ukawa laini, kisha akapaka rangi ya kuzuia kutu, huku akipiga mluzi.

Jumamosi mnunuzi alikunja uso. Alichokuwa ananunua ni ule mkato, alisema, na sasa amebakiziwa sinia.

"Ungejichana, bwana," fundi alijitetea.

Mnunuzi akafikiri, akapata dawa. Mtungi wa gesi si ule pale? Fundi akate ukingo upya, aache matone, aumwagie maji ya chumvi ushike kutu. Bei ni ileile, na hakuna atakayejua.

"Ila usisahau ile alama ya pale waliposimama kukata," aliongeza. "Watu wanapapenda hapo."

Fundi ananiambia kiberiti kilikuwa tayari mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Lakini ili aige mkato wao, ilibidi asimamishe moto palepale waliposimamisha wao.

"Waliposimama walikuwa wanamvunja shemeji yangu," alisema. "Hapo mimi sipaigi."

Mnunuzi akapandisha bei. Fundi akamfungulia geti.

Kisha akaenda chumba cha uani, akaketi kitandani, akasema chuma hakiuzwi tena.

"Kwa kuwa umekiharibu?" shemeji aliuliza. Habari zilikuwa zimeshafika.

Fundi angeweza kudanganya, na uongo huo ungependeza. Nampa heshima kwa kuwa hakudanganya. "Kwanza kwa hilo," alisema. "Baadaye, hapana."

Shemeji akamgusa goti kwa fimbo.

"Basi inuka, shemeji. Umekalia shati langu, nataka kulitundika."