Kidato cha Fina

Shangazi yangu Fina ni mfupi, na ufupi wake ulikuwa umechomekwa kwenye jabali. Miaka thelathini iliyopita mumewe, Eudald, alipokuwa akipigilia vidato vya chuma vya njia ya wapandaji kwenye genge la ghuba ya Cala Murtra, bahari ikiwa chini yake, alipima kila hatua kwa miguu yake mirefu. Pale mwamba unapochomoza, Fina alikwama, akamtukana mpaka waliokuwa ufukweni wakacheka. Kesho yake Eudald alirudi peke yake akaongeza kidato kimoja, ambacho hakimo kwenye ramani yoyote.

Eudald alifariki mwaka juzi, kitandani, wakati wa baridi. Tangu hapo ukaguzi ni kazi ya Fina. Kila Machi, kabla wapandaji hawajaanza kuja, hupanda na nyundo, akagonga kila kidato na kusikiliza. Kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa ndani na chumvi hutoa mlio mfupi, mzito. Hicho hukipaka rangi nyekundu, na mafundi huja kuking'oa.

Mwaka huu nilipanda nyuma yake, kulabu zangu za usalama zikiwa kwenye waya uliofungwa kando ya vidato. Kila chuma kilipolia alisema, "Mzima huyu." Tulipofika penye lile chomozo aliinua nyundo kwenye kidato chake. Akagonga. Dup.

"Shangazi?"

"Upepo huo."

"Upepo gani? Hata nywele zako hazitikisiki."

Akagonga tena, polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Dup.

"Nani atajua?" alisema. "Hakikanyagwi na mtu ila mimi."

"Na wafupi wenzako watakaokuja Pasaka je?"

"Wewe nawe! Mdomo kama wa babako."

Aliegemeza paji la uso kwenye mwamba. Kisha akatoa brashi, akakipaka chote, hata upande wa ndani usioonekana.

Mafundi walikiondoa Alhamisi. Hawakuweka kingine, kwa kuwa kwenye ramani yao hakikuwamo. Walipompa kile chuma alikikataa. "Bila mwamba nitakifanyia nini?"

Jumapili tulipanda tena, tukiwa na mkate wetu uliopakwa nyanya mfukoni. Kwenye chomozo niliuona mguu wake wa kushoto ukinyanyuka, ukapapasa jiwe tupu, ukarudi. Ukanyanyuka tena.

"Nikusukume, shangazi?"

"Ngoja kwanza," alisema. "Bado nakitafuta."