Nilivyouonea Wivu Ugonjwa Wake

Mimi na mke wa shemeji yangu tuliolewa nyumba moja pale Kivinje, mimi kwa kaka mtu, yeye kwa mdogo mtu. Sote hatukupata mtoto. Miaka ile tulipendana sana, labda kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu ambacho mwenzake hana.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Tukasikia kwamba hospitali ya Lindi kuna daktari anayechunguza wanawake wasiozaa. Mama mkwe, aliyekwishachoka kutunywesha mizizi, akatupandisha lori la magunia ya ufuta na kutupeleka mwenyewe.

Daktari alikuwa Mzungu, na maneno yake tulifasiriwa na nesi wa Kimakonde, mama mtu mzima. Alisema tutapulizwa hewa kwa mpira mwembamba, ijulikane kama mirija ya uzazi iko wazi. Niliingia kwanza. Tumbo lilijaa, na nilipoinuka kuketi, bega likanichoma hata nikauma kanga.

"Bega linauma?" nesi akaniuliza.

"Linauma sana, mama."

"Vizuri," akasema, akaenda kumwambia daktari.

Mwenzangu alipotoka nilimuuliza habari ya bega lake. Halikumuuma hata kidogo. Nikajitenga nyuma ya jengo nikalia, nikiamini mgonjwa ni mimi.

Alasiri nesi akatuita. "Hewa ikipita kwenye mirija huingia tumboni, na maumivu yake hutokea begani," alimwambia mama mkwe. "Huyu mkubwa yu wazi. Huyu mdogo ameziba, itabidi apulizwe tena, huenda pakafunguka. Mkubwa hatuna dawa ya kumpa. Mumewe ndiye aje apimwe."

Nilifurahi njia nzima hadi Nangurukuru. Furaha iliishia nyumbani, mume wangu aliposema, "Mimi siumwi kitu," akaendelea kula.

Mwenzangu akawa anarudishwa Lindi mara kwa mara. Kila akirejea, mama mkwe alimpikia uji wa pilipili manga na kumkataza kuinama. Majirani walikuja kumjulia hali. Mimi mzima nilichota maji, na hakuna aliyeniuliza chochote. Nikauonea wivu ugonjwa wake. Wake ulikuwa na jina na dawa. Wangu mimi ulikuwa kwa mtu asiyetaka kutoka nyumbani.

Siku moja alirudi ameshika bega, anacheka. "Dada, leo limeuma."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikaingia jikoni kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Haikupita miezi mingi akashika mimba. Asubuhi nilimsikiliza akitapika, kama mtu anayesikiliza ngoma ya harusi asiyoalikwa. Nilichukia hata namna alivyokuwa akiomba ndimu.

Nadhani mume wangu naye alimwonea wivu mdogo wake, kwani alikwenda Lindi akaaga kwamba anafuata nyavu. Aliporudi hakuwa na nyavu. Akaketi kitandani kando yangu.

"Wameangalia kwa darubini," akasema. "Mbegu zangu hazina uhai. Ukitaka talaka, nitakupa bila ugomvi."

"Sikutaka talaka, bwana. Nilitaka mtoto."

Kesho yake alimweleza mama yake mwenyewe, nikiwapo, akamwambia nisisemwe tena kwa jambo hili. Mama mkwe alilia, kisha akanishika mkono na kuuacha humo mkononi mwake muda mrefu.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Nilimbeba, nikamwogesha, nikamwimbia, na moyo wangu haukutulia. Baada ya arubaini nilimwomba mume wangu tuhamie shambani kwake Miteja, naye akakubali bila kuniuliza sababu.

Huko nililala vizuri. Mwenzangu alikuja kututembelea, mtoto mgongoni na mimba nyingine tumboni. Nilimchinjia kuku, tukazungumza kutwa nzima. Alipoondoka nilishusha pumzi. Jua lilipokuchwa nilikuwa nimeanza kumkumbuka.