Spika za Mlango wa Kushoto

Mwalimu hakuwahi kukanyaga mtaa wa maduka ya redio za magari mpaka siku ile. Kila duka lilipiga wimbo wake, na kila wimbo ulitaka kuumeza wa jirani. Alipita katikati ya makelele hayo mkoba kifuani, mgongo umenyooka kana kwamba yuko mbele ya darasa, ingawa alikwisha kustaafu zamani. Nyuma yake dereva alichekelea kama mtoto aliyeahidiwa viatu.

Lori lilikuwa la marehemu mumewe. Jina la ukoo lilikuwa milangoni kwa rangi nyeupe, ndiyo maana redio ya zamani ilipokata roho, Mwalimu alikataa kumtuma dereva peke yake. Alimjua. Angerudi na kitu cha taa za kumetameta, na watu wangesema lori la akina fulani limegeuka baa ya kutembea.

"Hii hapa, mama," dereva alisema, akipapasa redio yenye kioo kipana. "Ina picha, inashika simu, ina kila kitu."

"Ukiangalia picha, barabara ataiangalia nani?"

Fundi mwenye duka akaangua kicheko. "Umepatikana, dereva! Halafu hiyo ni ya volti kumi na mbili. Lori lenu ni la ishirini na nne. Ukiiunga hivi hivi, utaipika."

Akaweka mezani redio ndogo nyeusi, yenye vitufe viwili vya kuzungusha na tundu la flashi. "Hii ni ya malori hasa. Haina maringo."

Mwalimu akazungusha kitufe. Kilikwenda kwa uzito, hakikulegea. "Hii hii. Marehemu angeipenda."

"Waziri? Angeichukua bila kuuliza!" fundi akadakia.

Mwalimu alitabasamu kidogo. Alijua kwamba kwenye kituo cha malori mumewe aliitwa Waziri, na jina hilo alilivaa moyoni kama nishani.

Fundi akatoka na bisibisi hadi kwenye lori lililoegeshwa nje, akabandua paneli ya mlango wa kulia, upande wa dereva. Akasita. "Huku hakuna spika. Tundu tupu." Akazunguka upande wa pili. "Ala! Zote mbili ziko huku, kwenye mlango wa utingo. Na aliyezihamisha alijua kazi."

"Ndivyo nilivyolikuta," dereva akasema. "Nikadhani mzee alikuwa anamburudisha utingo wake."

"Utingo gani? Waziri alisafiri peke yake miaka nenda rudi. Nani angekaa naye?" Fundi alicheka, kisha akauona uso wa Mwalimu, lakini maneno yalikwisha kutoka.

"Kwa nini mtu asikae naye?"

"Usinielewe vibaya, mama. Ule uwaziri ulikuwa utani wetu tu, kwa kiburi chake. Unasimama dirishani pake, unamwamkia mpaka koo linakauka, yeye macho mbele. Kesho mnakutana uso kwa uso, anakuchangamkia kama ndugu. Hujui jana ulimkosea nini."

Mwalimu alilitazama lile tundu la mlangoni. Dirisha la dereva. Upande wa kulia.

Mezani kwao, tangu waoane, kiti chake kilikuwa mkono wa kulia wa mumewe. Miaka ile ya mwisho alimwuliza habari za safari, mumewe akaendelea kutafuna. Alimwuliza tena, kimya. Naye hakuwa mwanamke wa kuuliza mara tatu. Aliamua mtu amemchoka, akaacha kuuliza, wakawa wanakula vijiko vyao tu vinaongea. Na bado, akimsemesha kutoka mlangoni, kushoto kwake, alijibiwa vizuri. Hilo hakuwahi kulitafakari.

"Mama, nirudishe spika moja huku?" fundi akauliza.

Alijua akinyamaza, mumewe atabaki waziri wa watu kucheka. Akisema, watadhani alijua siku zote, nao watauliza mbona alinyamaza. Na akikiri kwamba ameligundua leo, watasema: mke gani asiyejua?

"Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii," alisema kwa sauti ya darasani. "Hakuwa na kiburi hata chembe. Waambie wenzako wote kituoni."

Fundi akashusha bisibisi. "Masikini, Waziri wetu! Sasa mama, mbona hamkusema?"

"Tuliona ni jambo la nyumbani."

Neno hilo, tuliona, halikuwa la kweli. Mzee aliona peke yake, akaficha peke yake. Walikuwa wameoana watu wa aina moja.

"Moja irudi kwa dereva," akaongeza. "Huyu ana masikio mawili, ingawa hayatumii."

Walirudi redio ikisoma habari. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha utingo, spika ikinguruma karibu na kiwiko chake.

Jioni alijipakulia chakula, akaenda kwenye kiti chake, akasimama. Kisha akaizunguka meza na sahani mkononi, akavuta kiti cha upande wa kushoto. Kilikuwa bado kigumu kwa kutokaliwa, kikalalamika alipokikalia. Kulia kwake sasa kulikuwa na kile kiti kikubwa cha mumewe, kitupu.

"Redio tumepata," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, isiyohitaji kupaazwa. "Haina maringo."

Akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumeza tonge. Kisha akaanza kula.